Kabla Mwera Haujavuma

Injini ya kushoto ilizimika saa mbili na dakika kumi na nane asubuhi, ndege ikiwa juu ya Ziwa Nyasa, kabla haijafika mkabala wa Ngumbo. Haikulipuka wala haikutoa moshi. Ilikohoa mara mbili kama mtu aliyepaliwa, ikanyamaza.

"Ya kushoto imekwenda," alisema Shamimu, rubani msaidizi.

"Nimeiona. Mafuta?"

"Yapo, Kapteni. Matangi yote mawili yako sawa."

Kapteni Wendelin Kapinga alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kurusha ndege za pangaboi. Kuzimikiwa na injini moja hakukumtisha. Alishalifanyia mazoezi jambo hilo mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Walikuwa wametoka Mbeya kwenda Songea na abiria thelathini na saba na wahudumu wawili. Kwa kawaida wangekata moja kwa moja juu ya milima, lakini asubuhi ile ya Julai mawingu mazito yalikuwa yameilalia milima ya Livingstone, ndipo akaomba ruhusa ya kushuka na ziwa kuelekea kusini, kisha akunje kushoto na kupita juu ya Mbinga. Kwa injini moja wangefika Songea bila taabu.

Kilichomtisha ni kule kukohoa. Siku tatu nyuma alisikia injini ikikohoa hivyo hivyo walipokuwa wakiwasha injini Mbeya. Fundi Flavia alifungua chujio akatoa maji, kiasi cha kijiko cha chakula. Wendelin aliandika kwenye kitabu cha ufundi cha ndege, kwa herufi kubwa, kwamba gari la mafuta la kampuni likaguliwe kabla halijajaza ndege nyingine yoyote. Siku moja kabla ya safari hii alikuta pameandikwa chini yake neno moja: Imeshughulikiwa. Hapakuwa na jina wala sahihi. Asubuhi hii alikinga mwenyewe mafuta ya tangi la bawa kwenye chupa, akayainua juani, akayaona safi. Akaruka.

Dakika nne baadaye injini ya kulia nayo ilikohoa, ikazima.

Chumba cha marubani kilijaa sauti ya upepo peke yake. Shamimu alikuwa na miaka ishirini na tisa, mtoto wa mfanyabiashara wa Songea ambaye babu yake alitoka Kilwa. Hakupiga kelele. Alisoma orodha ya kuwasha injini upya, kipengele kwa kipengele, na Wendelin akafanya kila kilichosomwa. Injini haikuwaka. Wakarudia mara ya pili, kisha ya tatu.

"Songea ni umbali gani?" Wendelin aliuliza, ingawa alijua.

"Kilomita mia na zaidi. Na milima iko katikati."

Milima hiyo aliijua kwa miguu. Alizaliwa huko, juu ya Mbinga, kwenye miteremko ya ngoro, vile vishimo vya kulimia, na kahawa ambako hata uwanja wa mpira huchongwa kwa jembe ubavuni mwa kilima. Kwa urefu waliokuwa nao, ndege ingeelea kilomita hamsini, labda sitini, kisha ingekutana na nyumba za watu.

"Hatufiki. Tunatua majini. Waambie mnara ni Liuli."

"Liuli," alirudia Shamimu, mkono ukiwa tayari kwenye redio.

"Kuna hospitali pale. Na kuna boti."

Kisha akazungumza na abiria. Aliwaambia kwamba injini zote mbili zimezima, kwamba watatua ziwani karibu sana na ufukwe, kwamba kila mtu avae jaketi la kuokolea lakini asilijaze upepo akiwa bado ndani ya ndege. "Mkigusa maji mtasikia mapigo mawili au matatu. La kwanza si la mwisho. Msifungue mikanda mpaka ndege isimame." Sauti yake ilitoka kavu, na baadaye abiria mmoja alisema ilikuwa kama ya mwalimu anayetangaza ratiba ya mitihani.

Ziwa lilikuwa limetulia. Hilo lilikuwa jambo jema moja katika asubuhi nzima. Aliyaona mawe makubwa ya Liuli yaliyosimama majini, akaona mchanga mweupe na vichanja vya usipa, dagaa wa ziwa hilo, vilivyong'aa juani, na mitumbwi miwili ikivuta wavu katikati ya njia aliyokuwa ameichagua. Alisogea kulia kidogo. Akirefusha, angepita ghuba. Akifupisha, angegonga mawe. Magurudumu aliyaacha ndani, akanyanyua pua ya ndege kidogo, akayashika mabawa yakae sawa kama ubao wa fundi, maana bawa moja likitangulia kugusa maji, ndege inapinduka.

"Mita mia," alisema Shamimu. "Hamsini. Ishirini."

Mkia uligusa kwanza. Kisha tumbo la ndege likapigwa na maji, mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili kwa nguvu zaidi, kioo cha mbele kikafunikwa na povu, na Wendelin akahisi mikanda ikimkata mabega. Ndege iligeuka nusu, ikasimama. Ilikuwa inaelea.

*

Boti ya kwanza kufika ilikuwa ya Mama Marselina Komba, mjane mwenye boti mbili za injini na sauti ya kuamrisha. Alikuwa ufukweni akigeuza usipa wake, akaiona ndege ikishuka bila sauti, na kabla haijagusa maji alikwisha kuwaita watu wake. Mitumbwi ikafuata, zaidi ya kumi. Wahudumu walifungua milango ya mbele tu kwa sababu mkia ulikuwa umezama. Abiria walitembea juu ya bawa, wakapokelewa mmoja mmoja. Mzee mmoja alivunjika paja. Mama mmoja alipasuka kichwani. Wengine walikuwa na michubuko na baridi.

Wendelin alibaki wa mwisho. Alipita kati ya viti maji yakiwa kiunoni, akipapasa kila safu kwa mikono, akiita. Alipohakikisha hakuna mtu alitoka. Arobaini na mmoja waliopanda, arobaini na mmoja waliotoka. Ufukweni watu waliimba, wanawake walipiga vigelegele, padri wa misheni alimshika mkono hakutaka kuuachia.

Ilikuwa saa tatu kasoro, na Wendelin ndipo alipokumbuka kitabu cha ufundi. Kilikuwa kwenye mfuko nyuma ya kiti chake, juu ya maji. Alipita pembeni yake mara mbili.

Aligeuka kuitazama ndege. Ilikuwa mita kama sitini kutoka mchangani, pua juu, bawa la kulia limelalia fungu la mchanga. Ndani ya bawa hilo mlikuwa na tangi, na ndani ya tangi mlikuwa na mafuta ambayo yangeeleza kila kitu.

"Mama," alimwambia Marselina, "ile ndege itakaa pale?"

Marselina hakuhitaji kufikiri. "Itakaa mpaka upepo wa mwera uanze. Saa sita, saa saba. Mwera unatoka huku nyuma yetu, kwenye nchi kavu, unasukuma kwenda katikati ya ziwa. Na pale ilipo, fungu la mchanga likiisha tu, ni shimo. Kamba zangu zote hazifiki chini."

"Tukiifunga kwa kamba kwenye yale mawe?"

"Kamba zipo. Watu wapo. Tunaweza hata kuivuta ikapanda mchangani, maadamu ziwa limelala."

Walianza kukusanya kamba, zile nene za kuvutia nyavu kubwa. Walikuwa wamepata nane, na watu wapatao thelathini walikuwa tayari majini, wakati pikapu ilipofika. Akashuka Bwana Hamphrey, afisa wa serikali aliyetumwa kusimamia tukio, na askari wawili. Alikuwa kijana kiasi, shati limepigwa pasi, na alianza kwa kumwamkia Wendelin vizuri.

"Shikamoo Kapteni. Poleni sana. Kwa kweli mmefanya kazi ya ajabu."

"Marahaba. Ahsante. Bwana Afisa, tuna saa tatu tu, tunaifunga ndege—"

"Hapana, hapana. Hapo ndipo nataka tuelewane." Akawapungia mkono watu waliokuwa majini warudi. "Hili sasa ni eneo la uchunguzi. Nimepewa maelekezo kwamba hakuna kugusa kitu mpaka wataalamu wafike kutoka Dar."

"Watafika lini?"

"Kesho mchana. Ikishindikana, kesho kutwa."

"Kesho mchana ndege haitakuwepo hapa."

Hamphrey aliitazama ndege iliyokuwa imetulia kama nyumba. "Mbona haitikisiki?"

Wendelin alimweleza habari ya mwera. Marselina alimweleza habari ya shimo. Walimweleza kwa zamu, kisha kwa pamoja, kisha Wendelin akachora mchangani kwa kidole, ufukwe huu, fungu hili, upepo huu. Hamphrey alisikiliza kwa adabu. Alipomaliza kusikiliza alisema, "Nawaelewa. Lakini ninyi mkivuta, mkavunja bawa, kesho nitaulizwa mimi nani aliharibu ushahidi."

"Na ikizama?"

"Ikizama, imezama yenyewe."

Wendelin alihisi damu ikimpanda. "Basi niruhusu kitu kimoja. Niingie dakika tano nichukue kitabu cha ufundi na chupa moja ya mafuta. Nenda na mimi. Mlete askari."

Hamphrey alitazama chini. Neno lililofuata alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Kapteni, katika watu wote waliopo hapa, wewe ndiye hasa usiyeruhusiwa kuingia mle."

*

Simu ya Wendelin ilikuwa imelowa. Marselina alimpa yake, ikiwa na harufu ya samaki, na Wendelin akapanda mawe mpaka alipopata mtandao. Alimpigia Ilyasi, mkuu wa safari wa kampuni, mtu waliyeanza naye kazi mwaka mmoja.

"Wende," alisema Ilyasi kabla hajasalimiwa. "Ndugu yangu. Video iko kila mahali. Mkurugenzi amelia."

"Ilyasi, sikiliza. Ndege inazama leo mchana. Kuna afisa hapa anakataa tuifunge. Mpigie mkubwa wake, mwambie kampuni inaomba ifungwe."

"Mambo ya serikali siwezi kuyaingilia."

"Ni ndege yenu."

"Ndiyo, na ina bima. Bima nao wamesema isiguswe."

"Basi waambie wakinge mafuta. Chupa moja."

Ilyasi alishusha sauti.

"Habari ya mafuta," alisema, "usiiseme seme kwa watu sasa hivi. Hatujui lolote bado."

"Mimi najua. Niliandika."

"Uliandika, na asubuhi ukakagua ukaruka. Fikiria hilo kabla hujaanza kuongea. Pumzika, Wende. Umeokoa watu."

Alirudi ufukweni akatembea, akakaa, akasimama tena. Watu walimletea chai, walimletea kanga ajifunike, walitaka kupiga naye picha. Mwanamke mmoja aliyekuwa abiria alimpigia magoti na kumshukuru, naye akamwinua akijua kwamba hakusikia hata nusu ya alichoambiwa, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye majani ya miti nyuma ya kanisa. Majani yalikuwa hayajatikisika.

Alimrudia Hamphrey mara tatu. Mara ya kwanza alimsihi. Mara ya pili alimtisha kwamba ataandika jina lake kwenye ripoti, na mara hiyo askari mmoja akasogea karibu. Mara ya tatu alimwambia tu, "Mdogo wangu, piga simu. Waulize wakubwa wako. Waambie rubani anaomba."

Hamphrey alipiga. Mkubwa wake alikuwa kwenye kikao. Alipiga tena, wakamwambia asubiri. Wendelin aliona kwamba kijana huyu alikuwa anaogopa, na jambo hilo halikumpunguzia hasira hata kidogo. Lilimwongezea. Angekuwa mbaya angalau angejua anapigana na nini.

Shamimu alitoka hospitali alikokuwa amewasindikiza majeruhi, akakaa kando yake. "Yule mzee wamemfunga mguu, yuko vizuri," alisema. "Kapteni, kwani hukula?"

"Kitabu kiko nyuma ya kiti changu."

"Najua. Mimi pia nilipita."

Saa sita na nusu majani yalitikisika. Mwanzo ilikuwa kama mtu anayepuliza uji. Kisha maji ya ghuba yakabadilika rangi, yakawa na mikunjo, mikunjo ikawa mawimbi madogo yanayokimbia kwenda nje. Pua ya ndege ilianza kugeuka taratibu kuelekea Malawi.

Saa saba na dakika kumi simu ya Hamphrey iliita. Alisikiliza, akaitikia ndiyo mzee mara nne, akakata. "Wamekubali," alisema. "Mnaweza kuifunga."

Watu walikuwa tayari wanakimbia na kamba. Wendelin alivua viatu akaingia majini na wenzake, na safari hii hakuna aliyemzuia. Walifunga kamba mbili kwenye shina la bawa la kulia na moja kwenye fremu ya mlango. Mbili zilivutwa na watu ufukweni, ya tatu ilifungwa kwenye boti ya Marselina, naye akawasha injini na kuielekeza nchi kavu. Kwa muda wa dakika kumi hivi ndege ilisimama. Watu walivuta kwa sauti moja. Ilisogea hatua mbili kuelekea mchangani, na Wendelin, maji yakimfika kifuani, alijikuta anahesabu hatua hizo kwa sauti kama mtoto.

Kisha wimbi likainua bawa kutoka kwenye fungu la mchanga. Kamba ya kwanza ikakatika. Ya pili ikawaburuza watu mpaka wakaiachia, viganja vimechunika. Boti ya Marselina ilianza kuvutwa kinyumenyume, tezi la nyuma likimeza maji, injini ikinguruma bure. Marselina alimtazama Wendelin kwa mbali. Alichukua panga akakata kamba.

Ndege ilielea nje ya ghuba bila haraka. Ilikwenda labda mita mia mbili, mkia ukiwa umetangulia kuzama, na mwisho ikaonekana pua peke yake, na kioo ambacho asubuhi Wendelin alikuwa nyuma yake. Halafu ikawa ni maji matupu.

Hamphrey alikuwa amesimama kwenye mchanga, viatu vimelowa. "Nilifuata maelekezo, Kapteni," alisema.

"Ndiyo," alisema Wendelin. "Uliyafuata."

*

Walimwacha aende Mbinga kwa dada yake, Dafrosa, akisubiri kuhojiwa. Leseni yake ilikuwa imesimamishwa; barua ilisema ni utaratibu wa kawaida. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Dafrosa, aliyemzidi miaka sita, alimkabidhi mashine ya kumenyea matunda mabivu, akasema mkono unaozungusha mashine hauwezi kukunja ngumi. Wendelin alizungusha kutwa.

Mjini hakuweza kupita. Bodaboda walimsimamisha wamsalimie. Muuza duka wa stendi, Bwanali, alikataa kumwacha aondoke bila soda. Kanisani alitajwa katika maombi Jumapili mbili mfululizo, na mara zote mbili alikaa ameinamisha kichwa, akiwaza kwamba watu hawa wanampongeza kwa kitu kimoja na barua zinamtuhumu kwa kingine, na kati ya hao wote hakuna anayeuliza injini zilizima kwa nini.

Jopo la wachunguzi lilimhoji ukumbini hapo hapo Mbinga, siku mbili. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye miwani.

"Kwa nini hukuelekea Songea injini ya kwanza ilipozima?"

"Nilikuwa naelekea Songea. Njia yangu ilikuwa kupita Liuli."

"Ungekunja mara moja, ungefika karibu zaidi."

"Ningefika karibu zaidi na milima. Injini ya pili ilizima baada ya dakika nne."

"Kuna uwezekano kwamba katika kufuata orodha ulizima injini nzima ukidhani ni mbovu? Imewahi kutokea kwingine."

"Hapana. Rubani msaidizi alikuwa anasoma, mimi nafanya. Muulizeni."

"Tutamwuliza. Kuhusu mafuta, una ushahidi gani?"

"Niliandika kwenye kitabu."

"Kitabu kimezama."

"Kila ukurasa una nakala. Nakala hubaki kituoni kabla ndege haijaruka. Iko Mbeya."

Mwenyekiti alifungua faili, akapekua, akafunga. "Kampuni inasema nakala ya siku hiyo haionekani."

Wendelin alijua kwamba akisema neno moja zaidi angelisema kwa sauti isiyofaa. Akaomba maji. Glasi ilipofika ilikuwa imejaa pomoni, akamwaga nusu kwenye karatasi zake.

Wiki iliyofuata Shamimu alikuja kwa basi kutoka Songea. Dafrosa alimwekea ugali na mboga ya maboga, na walipobaki wawili kwenye vichanja vya kahawa alisema alichokuja kusema.

"Wameniandikia maelezo, Kapteni. Tayari yamechapwa. Yanasema sikumbuki ni injini ipi tuliyoizima. Wanasema nikisaini nitaenda kusomea ndege kubwa mwezi wa kumi."

"Ukasaini?"

"Nilisema nitafikiria." Alikuwa anazigeuza punje za kahawa bila kuziangalia. "Nimefikiria siku nne. Sitaki ukasirike kwamba nilihitaji siku nne."

"Sikasiriki."

"Unakasirika."

"Nimekasirika tangu Julai, Shamimu. Si kwa ajili yako."

Shamimu alicheka kidogo. Kisha akasema hatasaini, na kwamba akirudi Mbeya atamtafuta fundi Flavia, ambaye kampuni ilikuwa imemhamishia ghala la vipuri bila maelezo. Wendelin alimwambia awe mwangalifu. Alimsindikiza stendi, akangoja mpaka basi lilipoondoka.

Ripoti ya kwanza ilitoka Oktoba. Ilisifu kutua kwa ndege katika aya moja ndefu. Kisha ikasema kwamba sababu ya injini kuzima haikuweza kuthibitishwa kwa kuwa ndege iko kwenye kina kisichofikika, na kwamba uamuzi wa rubani kabla ya injini ya pili kuzima unahitaji kuangaliwa zaidi. Habari ya kamba, ya saa nne zilizopotea, haikuwemo hata kwa mstari mmoja. Wendelin aliisoma kwenye simu ya Dafrosa akiwa amesimama uwanjani. Aliisoma mara mbili, akaingia ndani, akalala mchana kweupe na viatu miguuni.

Siku tano baadaye Shamimu alipiga simu.

"Wamelifungua lile gari la mafuta," alisema. "Kampuni yenyewe, kimya kimya. Lilikaa nje masika yote, mfuniko wa juu umepasuka. Chini kulikuwa na maji ya kujaza ndoo na kutu kama tope."

"Wameandika?"

"Hawajaandika. Wameliosha tu."

"Nani alikuwepo?"

"Flavia. Walimwita kwa sababu hakuna mwingine anayejua valvu zake. Amepiga picha, Kapteni, na ndoo ikiwemo. Na nakala ya ukurasa wako anayo. Aliiweka kwake siku ile ile ulipoandika, kwa sababu aliijua kampuni."

Wendelin alikaa kwenye gogo. Alitaka kufurahi. Kilichomjia ni hesabu ya siku: tangu Julai mpaka Oktoba ndege nyingine tatu za kampuni zilikuwa zikijazwa kutoka gari lile lile, na watu walipanda wakafunga mikanda. Aliuliza kama Flavia yuko tayari jina lake litajwe. Shamimu akasema yuko tayari, ameshafukuzwa tayari moyoni mwake.

Kesho yake alfajiri alipanda basi kwenda Dar es Salaam na barua ya kurasa sita aliyoiandika kwa mkono, pamoja na picha za Flavia na picha ya ile nakala, alizotumiwa na Shamimu. Hakuipeleka kwa kampuni. Aliipeleka kwa jopo, akangoja kwenye benchi siku mbili mpaka mwenyekiti mwenye miwani akaipokea kwa mkono wake. Alimwomba asome mbele yake. Mwenyekiti alisoma, akavua miwani, akaifuta.

"Kwa nini hukutuletea hivi vitu mapema?"

"Mzee," alisema Wendelin, "nimekuwa nikiwaletea tangu saa tatu asubuhi ya siku ile."

Nyongeza ya ripoti ilitoka Februari. Ilikuwa na aya mbili. Ilisema kwamba maji kwenye mafuta huenda ndiyo yaliyosababisha injini kuzima, na kwamba rubani na msaidizi wake walifanya yaliyopaswa kufanywa. Magari ya mafuta ya kampuni yalifungwa mpaka yakaguliwe. Leseni ilirudishwa kwa barua yenye mistari mitatu. Hakuna aliyeomba radhi.

Dafrosa alikuwa anapalilia mibuni ndugu yake alipoletewa ile nyongeza na barua. Alimwuliza ripoti inasemaje.

"Inasema huenda."

"Huenda nini?"

"Huenda nilikuwa nasema kweli."

Dafrosa aliegemea jembe. "Wende, watu arobaini na mmoja wanakula ugali leo. Hilo halikutoshi?"

"Linanitosha nikiwafikiria wao," alisema. "Nikimfikiria aliyeandika imeshughulikiwa, halitoshi. Hata jina lake sijalijua."

Jioni ile Ilyasi alipiga simu, sauti yake imechangamka, akamwambia kampuni ingependa arudi kazini, kuna safari ya Jumatatu. Wendelin alisema atarudi. Akasema pia kwamba katika kila kiwanja atakinga mafuta kutoka ndani ya gari lenyewe, chini kabisa, mbele ya fundi aliyetia sahihi kwa jina lake kamili, hata kama abiria watachelewa saa nzima, na kwamba fundi huyo atakuwa Flavia au hapandi ndege.

Ilyasi alivuta pumzi. "Utatuchelewesha sana, Wende."

"Nitawachelewesha."

"Basi nitaona kuhusu Flavia."

"Usione. Niambie sasa."

Alisikia Ilyasi akimwuliza mtu pembeni, mkono ukiwa juu ya simu. Alingoja. Alikuwa amesimama kati ya mibuni, na hakuwa na haraka ya kwenda popote.